Mtoto Anapopaliwa: Somo kwa Waleao Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo



Katika masomo yetu ya afya tumekwisha kusema juu ya malaria, minyoo na maji ya kunywa. Leo twataka kusema juu ya jambo lisilosemwa sana, kwa kuwa latendeka ndani ya nyumba, kati ya mama na mtoto na kijiko. Nalo ni kumlisha mtoto ambaye ubongo wake uliumia mapema, hata viungo vyake vikawa vigumu au vikalegea, asiweze kukaa wala kushika kichwa chake. Ugonjwa huu twauita mtindio wa ubongo. Wengine husema kupooza kwa ubongo.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya msiba. Mwaka juzi tulimzika mtoto mmoja wa mtaa wetu, mvulana wa miaka minne. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amelazwa mara tatu kwa kichomi, na mara zote tatu alipigwa sindano, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani. Sisi wenyewe tulikwenda kumtazama, tukachukua matunda na sabuni kama ilivyo desturi, tukaomba, tukarudi. Hakuna aliyemwuliza mama yake, si huko hospitali wala sisi, "Mama, mtoto huyu hula namna gani?" Alikuwa akilishwa amelala chali mapajani, uji mwepesi ukimiminwa kwa kiganja, kama bibi yake alivyofundishwa na wazee wake. Mama huyo hakuzembea hata kidogo. Asubuhi yake yote ilikwisha katika kulisha, na jioni vilevile. Hakufundishwa, na sisi hatukujua kumfundisha.

Kwanza kuna maneno ya mtaani ambayo hatuna budi kuyakataa. Watu husema mtoto wa namna hii ni laana, au mama yake alitoka nje ya ndoa, au kuna mkono wa mtu. Si kweli. Tangu mwaka 1861 daktari mmoja wa London, William John Little, alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi akaeleza jinsi watoto waliozaliwa kwa shida, au kabla ya wakati, au waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, walivyobaki na viungo vilivyokaza. Leo twajua na sababu nyingine: manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Nao si wachache. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Iganga na Mayuge huko Uganda, uliochapwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 katika kila 1000. Basi mtaa wenye watoto elfu moja waweza kuwa nao watatu hivi. Kama hatuwaoni kanisani, na tujiulize wako wapi.

JINSI TONGE LINAVYOPITA

Weka vidole viwili kooni, kisha umeze mate. Utasikia koromeo lapanda juu, halafu lashuka. Katika mpando huo mdogo yamo mengi. Kooni ni njia panda: mbele iko njia ya hewa iendayo mapafuni, na nyuma yake liko umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni. Tunapomeza, pumzi husimama, koromeo hupanda, na kidakatonge huinama na kufunika njia ya hewa ili tonge lipite nyuma. Kazi hiyo ya kooni huchukua kama sekunde moja tu, nayo yaongozwa na mishipa ya fahamu itokayo kwenye ubongo. Mtu mzima haifikirii, sawasawa na asivyofikiri kupepesa macho.

Sasa fikiri ubongo ulioumia. Midomo haifungi vema, mate hudondoka. Ulimi, badala ya kukisukuma chakula nyuma, hukisukuma nje, na wale wasiojua husema, "Ameshiba huyu," au "Ana kiburi." Amri ya kufunga njia ya hewa huchelewa. Uji mwepesi haungoji: umekwisha kuteremka kooni kabla koromeo halijapanda, nao huingia njia ya hewa. Huko ndiko kupaliwa.

Wewe na mimi tukipaliwa twakohoa mpaka machozi yatoke, na kile kikohozi ndicho kinachotuokoa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi kikohozi chake ni dhaifu. Na jambo la kuogofya zaidi ni kwamba wako watoto wasiokohoa kabisa. Uji waingia mapafuni kimyakimya, mtoto ametulia, na mama afurahi kwamba leo amekula vizuri. Kwa hiyo tusikingojee kikohozi peke yake. Tutazame kama macho yalengalenga machozi wakati wa kula. Kama midomo yabadilika rangi. Kama baada ya kumeza sauti yake yawa ya majimaji, kana kwamba anasemea ndani ya kikombe. Kama kifua chakoroma baada ya mlo. Kama homa zampanda mara kwa mara bila malaria kuonekana katika damu. Na mtoto aliyepata kichomi mara mbili au tatu kwa mwaka, hapo mganga na aulizwe waziwazi juu ya kupaliwa. Msione haya kuuliza.

TUMBO NALO LINA MWENDO WAKE

Watu wengi hudhani chakula kikishapita kooni huteremka chenyewe, kama maji katika bomba. Sivyo. Mtu aweza kumeza hata akiwa amepinduliwa kichwa chini. Umio, tumbo na matumbo hujikaza na kulegea kwa zamu, wimbi nyuma ya wimbi, yakikisukuma chakula mbele. Wataalamu wawili wa London, Bayliss na Starling, waliuchungua mwendo huo mwaka 1899 wakaona ya kuwa utumbo una mishipa yake wenyewe ya fahamu katika kuta zake, hata waweza kusukuma pasipo kungoja amri ya ubongo. Lakini ubongo nao hutuma salamu zake, hasa kwa mshipa mmoja mrefu ushukao shingoni, ukapita kifuani mpaka tumboni. Ubongo ukiwa umeumia, salamu hizo huvurugika, na mwendo wote wa chakula huweza kuharibika.

Mahali umio linapoingia tumboni pana misuli iliyo kama mdomo wa mfuko wenye kamba. Ikilegea wakati usiofaa, chakula pamoja na maji makali ya tumbo hurudi juu. Mtoto mchanga yeyote hucheua, nasi hatushtuki, maana akianza kukaa na kusimama huacha. Huyu wetu huendelea kucheua mwaka baada ya mwaka. Tumbo lake huchelewa kujimwaga. Misuli ya tumbo iliyokaza hulibana. Naye hushinda amelala. Maji yale makali huliunguza umio, akapata kiungulia asichoweza kukieleza. Hulia baada ya kula, hujipinda mgongo na kutupa kichwa nyuma, meno huliwa, tena huweza kupungukiwa damu kwa sababu ya kidonda kinachotoka damu kidogo kidogo huko ndani. Wazee wakimwona anajipinda husema ni degedege. Huenda ikawa kweli, maana wengi wa watoto hawa wana kifafa pia, lakini huenda ikawa ni kiungulia tu, na dawa zake ni mbalimbali. Mama aangalie saa: je, hujipinda zaidi baada ya kula? Akamwambie mganga hivyo.

Nacho hicho kinachorudi juu huweza kuingia njia ya hewa vilevile, hasa usiku, mtoto akiwa amelala chali. Kwa hiyo kupaliwa kuna milango miwili, wa juu na wa chini.

Twende mbele, yaani chini zaidi. Mtoto asiyetembea, asiyekunywa maji ya kutosha kwa kuwa maji humpalia, alaye uji mtupu kila siku, na ambaye utumbo wake ni mvivu, atafunga choo. Siku nne, siku saba, hata kumi. Choo chawa kigumu kama kokoto, kutoka kwake kwamwumiza, naye hukizuia kwa hofu. Pengine choo kizito kikikwama, majimaji hupenya pembeni, na mama hudhani mtoto anaharisha, akanunua dawa ya kuzuia kuharisha. Hapo ameongeza taabu! Na ni vema tufahamu: utumbo ukijaa huko chini, tumbo la juu nalo huchelewa kujimwaga. Mtoto hukataa chakula, hucheua zaidi, hupaliwa zaidi. Tumekwisha kuona mtoto ambaye kutapika kwake kulipungua sana baada ya kutibiwa choo, pasipo dawa nyingine yoyote. Kwa hiyo anayemtazama mtoto wa namna hii asiache kuuliza habari za choo, hata kama swali hilo si la adabu sebuleni.

KUMLISHA

Mkao ni nusu ya kazi. Mtoto asilishwe amelala, wala kichwa chake kisielekee nyuma. Jaribu mwenyewe: tazama darini kisha umeze mate, utaona ilivyo vigumu. Akae wima kadiri awezavyo, nyonga zikiwa zimekunjwa, miguu imeegemea kitu, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo sana mbele. Fundi seremala aweza kutengeneza kiti chenye kona na mkanda kwa mbao za bei ndogo. Tena katika mtaa wetu mafundi si haba. Kama kiti hakuna, mama akae ameegemea ukuta, ampakate mtoto wima, mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya mabega ili kichwa kisitupwe nyuma. Naye anayelisha awe mbele yake na chini kidogo, si juu yake, maana mtoto hukifuata kijiko kwa macho, na kijiko kikitoka juu kichwa nacho kitapanda.

Kijiko kiwe kidogo na bapa, kisiwe cha plastiki laini ivunjikayo, kwa kuwa wengine huuma ghafula wasiweze kuachia. Akiuma, usivute, ngoja misuli ilegee. Weka chakula kidogo katikati ya ulimi, kandamiza kidogo, toa kijiko, kisha ngoja. Ngoja mpaka umeona koromeo limepanda na kushuka. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu tuna haraka ya kwenda shamba. Mwaka 1968 mtaalamu wa viungo wa London, Nancie Finnie, aliwatolea wazazi kitabu, na miongoni mwa mambo yaliyomo ni jinsi ya kusaidia taya la mtoto kwa vidole: kimoja chini ya kidevu, kimoja kwenye kidevu chenyewe, na cha gumba pembeni karibu na sikio. Ni jambo dogo, lakini midomo hufunga na ulimi hurudi ndani. Afadhali kuonyeshwa na mtu kuliko kusoma.

Uzito wa chakula wahitaji busara. Maji matupu, chai na uji mwepesi ndivyo vyenye hatari kuliko vyote kwa watoto wengi, maana vyakimbia. Uji mzito laini, usio na madonge, unaoanguka kijikoni kwa kipande badala ya kuchuruzika, huwa rahisi zaidi. Usizidi kuwa mzito kama gundi, usije ukabaki kooni. Supu yenye vipande ndani yake humchanganya, kwa kuwa lazima ameze maji na kutafuna kwa wakati mmoja. Karanga nzima, popcorn, pipi na ugali mkavu asipewe. Na kwa kuwa hula kidogo, kila kijiko kiwe na nguvu: uji wenye maziwa, karanga zilizosagwa laini, au mafuta kidogo yaliyokorogwa vizuri ndani yake, ndizi na viazi vilivyopondwa, parachichi, ambalo twaona Mungu alilitengeneza kwa ajili ya kijiko. Milo midogo mitano au sita ni bora kuliko mikubwa mitatu, tena mlo usipite nusu saa, kwa kuwa mtoto akichoka ndipo anapopaliwa. Kama aliyetulia saa hizo ni kaka au dada mkubwa, naye afundishwe, mama apumzike.

Kinywaji apewe kwa kikombe cha plastiki kilichokatwa upande wa pua, ili aweze kunywa bila kuinua kichwa. Kikombe kizee cha mafuta ya kupaka, kikioshwa sana na kulainishwa ukingo, chafaa. Chupa ya kunyonyea yenye tundu lililopanuliwa kwa sindano ya moto, hapana.

Akimaliza, abaki wima nusu saa. Usiku kichwa cha kitanda kiinuliwe. Meno na ulimi visafishwe kila siku, hata kama anakula uji tu, kwa sababu mate yenye uchafu yakiingia mapafuni huleta kichomi kibaya. Kwa ajili ya choo, apewe papai na embe vilivyopondwa, mboga na maharage yaliyochujwa, na maji yaliyofanywa mazito, kidogo kidogo kutwa nzima. Akaliswe kwenye poti dakika kadhaa baada ya kula, maana wakati huo utumbo huamka. Tumbo lipapaswe polepole kwa kulifuata duara la saa. Yasipofaa hayo, ziko dawa za kulainisha choo ambazo mganga atatoa.

HATARI ITOKAYO KATIKA WEMA

Kulisha kwa nguvu, pua imebanwa na uji ukimiminwa kinywani, ni desturi tuliyoirithi, tena ilifanywa kwa mapenzi. Lakini mtoto aliyebanwa pua hana njia ila kuvuta pumzi kwa kinywa kilichojaa uji. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni kama kumwagia mapafuni. Hatutaki kuwaaibisha bibi zetu, ila twasema desturi hii ikome.

Pili ni mafuta. Yako mafuta mazito ya parafini, si yale ya taa, yauzwayo katika chupa kuwa dawa ya choo. Mtoto anayepaliwa asipewe kamwe. Mafuta hayaamshi kikohozi, huteleza kimya mpaka mapafuni, na yakifika huko hayatoki. Vivyo hivyo tusimnyweshe samli wala mafuta ya kupikia kwa kijiko. Mafuta kidogo yaliyochanganywa na chakula ni jambo jingine.

Tatu ni dawa za kifafa na za kulegeza misuli. Baadhi yake huleta usingizi na kuongeza mate. Mtoto asilishwe akisinzia. Lakini dawa ya kifafa isikatizwe nyumbani kwa sababu hiyo. Mwambieni mganga apange saa.

Nne latuhusu sisi. Jumapili baada ya Misa, mama akitoka na mtoto wake, watu humjia kwa furaha, mmoja ana soda, mwingine ana andazi, mwingine humtilia pipi kinywani kabla mama hajasema neno. Tumeliona jambo hili mlangoni pa kanisa letu. Mwulizeni kwanza mama, "Naruhusiwa kumpa?" Akikataa msimnunie. Mama mmoja alituambia aliacha kuja kanisani kwa sababu mbili: hawezi kumaliza kumlisha kabla ya kengele, na akija hawezi kuwazuia watu. Hii ya pili ni yetu sisi.

MTOTO WA KUPELEKWA HOSPITALI

Akipaliwa wakati wa kula na bado anakohoa, mwinamishe mbele, mwache akohoe, usimpe maji wala usitie kidole kooni kwa kubahatisha. Akishindwa kukohoa, kulia wala kupumua, mlaze kifudifudi mkononi au mapajani, kichwa chini, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, huku mwingine akitafuta gari.

Apelekwe siku hiyo hiyo kama anapumua mbio, yaani pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi akiwa wa mwaka 1 hadi 5. Kama kifua chabonyea ndani anapovuta pumzi. Kama midomo ina rangi ya buluu. Kama ametapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, au cha kijani. Au kama tumbo limevimba na choo hakitoki kabisa. Anayekonda mwezi hata mwezi naye apelekwe, hata kama hana homa.

Huenda mganga akashauri mpira wa kupitia puani kwa muda. Pengine atasema mtoto apelekwe hospitali kubwa akawekewe mpira ubavuni uingiao tumboni moja kwa moja. Wengi husikia hivyo wakakimbia. Upasuaji wa kupasua tumbo kwa ajili hiyo ni wa zamani, lakini mwaka 1980 madaktari wa Cleveland, Marekani, Gauderer na Ponsky, walitoa habari za njia nyepesi ya kuuweka kwa msaada wa darubini ya tumboni, naye mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto. Mpira huo huwasaidia wengi kunenepa na huwapunguzia wazazi zile saa za mateso. Lakini hauzuii mate kuingia mapafuni, wala hauzuii tumbo kurudisha chakula juu, na wahitaji usafi, mipira ya kubadilisha, na hospitali isiyo mbali. Mzazi aulize hayo yote kabla ya kukubali, na aulize pia kabla ya kukataa. Kwa mama kuna huzuni nyingine: kumlisha mwanawe kwa mkono ndiyo mazungumzo pekee aliyo nayo naye. Wako watoto waliowekewa mpira ambao huruhusiwa kuonja kidogo kwa kinywa. Na hilo nalo liulizwe.

Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, mkutano wa Umoja wa Mama utakapokwisha, muuguzi wa dispensari atakuwapo ukumbini saa tisa alasiri kuonyesha kwa vitendo mkao, kijiko na kikombe. Walezi waje na watoto, kijiko wanachokitumia nyumbani, kanga mbili za kuegemezea, na kadi ya kliniki. Kina baba wanakaribishwa, hasa wenye misumeno. Mama wa yule mtoto tuliyemtaja mwanzo amesema atakuja, awashike watoto wa wenzake wakati wanajifunza.